Wimbo wa Taifa Kabla ya Kipyenga

Tanganyika ilipopata uhuru, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, sherehe haikufanyika ikulu wala bungeni. Ilifanyika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, uwanja ambao leo tunauita Uwanja wa Uhuru. Hapo ndipo bendera ya Uingereza iliposhushwa, ya Tanganyika ikapanda, na Mungu Ibariki Afrika ukapigwa kama wimbo wa nchi huru mbele ya umati mkubwa. Anayeshangaa kwa nini wimbo wa taifa na mpira vimeshikamana, na aanzie hapo. Kwetu sisi wimbo huu ulianza kazi yake rasmi kiwanjani, wananchi wakiwa jukwaani.

Lakini historia hiyo haijibu maswali yote. Je, upigwe kabla ya kila mchezo au baadhi tu? Uimbwe na watu au upigwe na spika? Ni wa mgeni rasmi au ni wa mwenye tiketi? Na asiyetaka kuimba afanywe nini? Haya si maswali ya Dar es Salaam peke yake. Nimeyafikiria zaidi nikiitazama Maganzo, mji mdogo wa wilaya ya Kishapu, kando ya barabara kuu ya Shinyanga kwenda Mwanza, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui. Huku Taifa Stars wanaonekana kwenye skrini. Mkazi wa Maganzo hukutana na wimbo wa taifa katika sehemu tatu: mstarini shuleni asubuhi, kwenye runinga ya kibanda umiza, na kwenye spika za bonanza. Kila sehemu ina mafunzo yake, na si yote ya kujivunia.

Tuanze na ulikotoka mtindo wenyewe, maana wengi hudhani ni sheria ya mpira iliyokuwepo tangu mpira ulipozaliwa. Sivyo. Sheria 17 za soka hazitaji wimbo wowote. Mfano wa zamani unaokumbukwa sana ni wa raga: tarehe 16 Desemba 1905, mjini Cardiff, New Zealand walipomaliza haka yao, wachezaji wa Wales walijibu kwa kuimba wimbo wa nchi yao, na uwanja mzima ukadakia. Hakuna aliyewapigia santuri. Lilikuwa jibu la watu wadogo mbele ya wapinzani waliokuja na vitisho vyao, na siku hiyo Wales walishinda.

Marekani walifika huko kwa njia ya vita. Mwaka 1918, katika fainali za besiboli kati ya Boston Red Sox na Chicago Cubs, bendi ilipiga wimbo wa bendera yao katikati ya mchezo, wakati ambapo vijana wengi wa nchi hiyo walikuwa Ulaya vitani. Wimbo wenyewe ulikuwa haujawa wimbo rasmi wa taifa. Ulifanywa hivyo mwaka 1931. Vita ya Pili ya Dunia ilipokuja, kuupiga kabla ya kila mchezo kukawa desturi, na vita ilipokwisha desturi ikabaki. Leo ligi yao kuu ya besiboli ina michezo 2,430 katika msimu wa kawaida, na wimbo wa taifa husikika mwanzoni mwa kila mmoja. Timu zote ni za Marekani, isipokuwa moja ya Canada. Hakuna nchi inayocheza na nchi. Ni New York na Boston, ni Chicago na Detroit, na bado watu husimama, mkono kifuani.

Huko ndiko ugomvi ulikozaliwa. Kitu kinapofanywa kila siku, siku moja atatokea mtu akiulize maana yake. Mwaka 1996 mchezaji wa kikapu Mahmoud Abdul-Rauf alisimamishwa na ligi kwa kukataa kusimama wakati wa wimbo. Mwaka 2016 Colin Kaepernick wa San Francisco 49ers alianza kwa kukaa, kisha akapiga goti, kupinga jinsi polisi walivyokuwa wakiwatendea watu weusi. Baada ya msimu ule hakupata tena timu. Mwaka 2021 ilibainika kwamba Dallas Mavericks walikuwa wameacha kuupiga wimbo kwenye mechi zao za nyumbani, na ligi ikawaamuru waurudishe. Mimi nasoma habari hizi nikiona kwamba Wamarekani waliutwika wimbo wao mzigo ambao haukustahili. Waliufanya kipimo cha uzalendo cha kila jioni, na kipimo cha kila jioni lazima kizae watakaofeli.

Sisi hatuko huko. Kwa kawaida ligi yetu ya ndani haina desturi ya wimbo wa taifa katika kila mchezo. Mwadui FC walicheza Ligi Kuu kuanzia 2015 hadi 2021, na tarehe 30 Oktoba 2019 waliifunga Simba 1-0 pale Uwanja wa Kambarage, Shinyanga, siku ambayo wachimbaji na wauza mitumba wa Maganzo hawajaisahau. Stand United, timu iliyoanzishwa na wapiga debe wa stendi ya Shinyanga, ilidumu Ligi Kuu kutoka 2014 hadi 2019. Geita Gold walipanda mwaka 2021, na katika msimu wao wa kwanza George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi nzima kwa mabao 17. Ukanda huu wa almasi na dhahabu umekuwa na mpira mkubwa, na mpira huo haukuhitaji wimbo wa taifa ili kuwa mkubwa. Wimbo tuliuwekea akiba: mechi za timu za taifa, fainali, na siku ambazo viongozi wakuu wa nchi wapo uwanjani. Akiba hiyo ni jambo jema, na nitairudia.

Kwanza tuutazame wimbo wenyewe, kwa sababu hoja yangu yote inasimama juu yake. Nyimbo nyingi za taifa zinazosikika kabla ya mpira zilitungwa kwa ajili ya vita. Wa Ufaransa unaita wananchi kushika silaha. Wa Marekani unasimulia mabomu na bendera iliyobaki ikipepea. Wetu ni dua. Enoch Sontonga, mwalimu katika shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, aliutunga mwaka 1897 kama wimbo wa kanisani, akafariki mwaka 1905 bila kujua ungefika wapi. Chama cha ANC kiliuchukua kuwa wimbo wake mwaka 1925. Kutoka hapo ukasambaa kusini na mashariki mwa Afrika: Tanganyika 1961, Zambia 1964, Zimbabwe 1980 hadi 1994, Namibia kwa muda mfupi baada ya uhuru wake wa 1990, na hatimaye Afrika Kusini kwenyewe mwaka 1994.

Na ndani ya dua yetu kuna mpangilio ambao kwa mchezo wa mpira una uzito wa pekee. Ubeti wa kwanza unaombea Afrika. Tanzania inakuja ubeti wa pili. Maana yake ni kwamba Taifa Stars wanapojipanga mstari mbele ya Uganda, Nigeria au Morocco, jambo la kwanza wanaloimba ni kumwombea baraka mpinzani aliyesimama pembeni yao. Wanamwombea hekima, umoja na amani kabla hawajajiombea wao wenyewe. Sijui wimbo mwingine wa taifa unaoheshimu mchezo kwa namna hiyo. Ukiuimba ukiwa unajua unachosema, huwezi dakika kumi baadaye kumrushia chupa mchezaji wa timu ngeni, wala kumwita kwa jina la kabila lake.

Tarehe 21 Januari 2024, mjini San Pédro, Ivory Coast, jambo hilo lilionekana waziwazi. Tanzania ilikuwa inacheza na Zambia katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Zambia wana maneno yao wenyewe, ila lahani ni ile ile ya Sontonga. Kwa hiyo wimbo ulipigwa, ukaisha, kisha lahani ile ile ikaanza tena kwa upande wa pili. Asiyejua historia angedhani fundi mitambo amekosea. Walikuwa ni ndugu wawili wakiomba dua moja kwa zamu kabla ya kupambana. Simon Msuva alitufungia dakika ya 11, Patson Daka akasawazisha dakika ya 88, tukatoka sare ya 1-1. Maumivu ya bao lile la mwisho nayakumbuka hadi leo, lakini nayakumbuka pia yale ya kabla ya kipyenga.

Fundi mitambo anaweza kukosea kweli, na akikosea tunaona thamani ya jambo lenyewe. Mwaka 2012, katika mashindano ya kulenga shabaha nchini Kuwait, mshindi kutoka Kazakhstan alisimama jukwaani akapigiwa wimbo wa dhihaka uliotoka kwenye filamu. Mwaka 2016 Uruguay walipigiwa wimbo wa Chile kwenye michuano ya Copa América. Mwaka 2019, Paris, Albania walipigiwa wimbo wa Andorra, wakagoma kuanza mchezo mpaka wao upigwe, na mechi ikachelewa. Watu hawagomi kwa ajili ya kitu kisicho na maana kwao.

Kuna pia siku ambayo wimbo ulitumika kuumiza. Tarehe 15 Agosti 1992, Uwanja wa Ellis Park, Johannesburg, Afrika Kusini ilirudi kwenye raga ya kimataifa kucheza na New Zealand. ANC ilikuwa imeomba wimbo wa utawala wa ubaguzi usipigwe. Badala yake kuwe na ukimya wa kuwakumbuka waliouawa katika machafuko ya wakati ule. Umati wa wazungu ukauvunja ukimya kwa kuuimba wimbo huo, Die Stem, na wakubwa wa raga wakaupiga kwenye spika kwa makusudi. Miaka mitatu baadaye, kwenye fainali ya Kombe la Dunia la raga katika uwanja huo huo, nyimbo zote mbili, Die Stem na ule wa Sontonga, zilisikika, na mwaka 1997 zikaunganishwa kuwa wimbo mmoja. Lahani ambayo watoto wa Shinyanga walikuwa wakiiimba mstarini bila woga tangu 1961, huko ilikotungwa ilibidi isubiri miaka zaidi ya thelathini kupata heshima ya serikali. Hili ni jambo la kuwaambia wanafunzi wetu. Wengi wanauimba kila asubuhi wakidhani ulianzia Dodoma.

Sasa turudi Usukumani, maana huku watu wanajua mambo ya nyimbo na mashindano kuliko wanavyopewa sifa. Kabla ya mpira kufika, mashindano makubwa ya Wasukuma yalikuwa ya ngoma, na bado yapo. Baada ya mavuno, vyama viwili vya ngoma, Bagalu na Bagika, hukutana uwanja mmoja, kila upande na manju wake, nyimbo zake na dawa zake, wakacheza kwa wakati mmoja. Mshindi ni yule atakayevuta watu wengi zaidi upande wake. Ukienda Bujora, karibu na Kisesa, kwenye sherehe za Bulabo, utaona umati ukihama mbio kutoka upande huu kwenda ule manju anapopatia. Katika utaratibu huo wimbo ndio silaha yenyewe, na kazi yake ni kugawa umati.

Wimbo wa taifa unafanya kinyume chake. Unawashika Bagalu na Bagika wa leo, yaani Simba na Yanga, Mwadui na Stand, Maganzo na kijiji jirani, unawaweka kwenye sauti moja kwa dakika moja na nusu kabla hawajagawanyika. Ndiyo maana naona haufai kuchezewa. Mtu wa Usukumani akisikia wimbo kabla ya mashindano anajua kuna jambo zito linaanza. Ukimpigia wimbo mzito kwa jambo jepesi, umemfundisha kutousikiliza.

Kibanda umiza cha Maganzo kinaonyesha upande mzuri. Taifa Stars wanapocheza, mabenchi hujaa mapema. Mlinzi wa mgodi aliyetoka zamu hukaa benchi moja na mbeshi, yaani mvamizi wa mgodi, ambaye jana usiku huenda alikuwa akimkimbiza kwenye uzio wa Mwadui. Dalali wa almasi yupo, dereva wa bodaboda yupo, kijana anayechunga ng'ombe wa baba yake yupo, fimbo ameiegemeza ukutani. Runinga iko juu ya ubao uliopigiliwa misumari. Kamera inapopita taratibu kwenye nyuso za wachezaji, kelele hupungua. Baadhi husimama, wengine huvua kofia na kubaki wamekaa kwa sababu paa ni fupi na walio nyuma hawaoni. Wachache huimba kwa sauti, wengine midomo inatikisika tu. Hakuna afisa wa kuwaamuru, hakuna mwenye kibanda anayesema simameni. Dakika ile haimpi yeyote faida, na bado inaheshimiwa. Mimi hiyo naihesabu kuwa heshima ya kweli kuliko gwaride lolote.

Bonanza linaonyesha upande mwingine. Ni fainali ya ndondo uwanja wa shule, mistari imechorwa kwa majivu, zawadi ni ng'ombe, mbuzi na seti ya jezi. Mechi imetangazwa saa kumi. Saa kumi na moja kasorobo timu bado zimepanga mstari juani, watoto wamechoka, mwamuzi anatazama saa, kwa sababu mgeni rasmi hajafika na wimbo hauwezi kupigwa bila yeye. Gari linaingia, vumbi linapanda, meza kuu inasimama. Mshereheshaji anachomeka simu yake kwenye spika. Wimbo unaanza, katikati inaingia meseji, spika inalia, wimbo unakatika, unaanza tena kutoka mwanzo au unaachwa palepale. Kisha mgeni anakagua timu na kuhutubia kwa dakika arobaini juu ya barabara na maji. Mpira unaanza jua likiwa linazama, na kipindi cha pili kinamalizika mpira hauonekani.

Nimeshuhudia mambo ya namna hii zaidi ya mara moja, na sitaji ni wapi wala ni kombe la nani, kwa sababu kosa si la mtu mmoja. Ni la mtindo. Katika mtindo huo wimbo wa taifa umegeuka sehemu ya mapokezi ya mgeni, kama maua na soda za meza kuu. Watu wanajifunza bila kuambiwa kwamba wimbo ni wake, na wao wameazimwa. Hilo linapingana na namna tulivyoupata, maana usiku ule wa 1961 ulipigwa kwa sababu mamlaka yalikuwa yanahamia kwa wananchi.

Serikali yenyewe iliwahi kuyumba katika jambo hili. Mwishoni mwa mwaka 2018 ulitoka waraka wa kudhibiti matumizi ya bendera na wimbo wa taifa, ukitaka vibali. Watu walihoji, na haikuchukua muda Rais John Magufuli akautengua. Naamini alifanya sahihi. Wimbo unaohitaji kibali cha ofisi utakufa midomoni mwa watoto, kisha utabaki kwenye mashine. Dawa ya matumizi mabaya ni mafunzo na adabu. Kufuli haisaidii.

Swali la asiyetaka kuimba nalo lina majibu yake, na kwa bahati nzuri mahakama zetu zimelishughulikia. Wanafunzi wa Mashahidi wa Yehova katika mkoa wa Mbeya walifukuzwa na wengine kusimamishwa masomo kwa kutoimba wimbo wa taifa, jambo ambalo imani yao haiwaruhusu. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani iliamua kwa upande wao. India ilikuwa imepita njia hiyo mwaka 1986, mahakama yao ya juu iliposema kwamba anayesimama kwa heshima bila kuimba hajaudharau wimbo. Naona msimamo huo unatosha hata viwanjani. Kaa kimya, usivuruge wanaoomba, basi. Kumlazimisha mtu kuomba dua ni kuiharibu dua.

Hapo hapo niseme neno kuhusu wachezaji. Siku hizi mashabiki wana tabia ya kukagua midomo. Kamera ikimpita mchezaji asiyeimba, jioni hiyo hiyo anaitwa msaliti. Ujerumani walimfanyia hivyo Mesut Özil kwa miaka, na Ufaransa Karim Benzema. Kwetu wameanza kuja vijana waliozaliwa ughaibuni, kama Haji Mnoga aliyezaliwa Portsmouth, ambao Kiswahili chao hakikulelewa kwenye mstari wa shule ya msingi. Kijana anayeacha starehe zake akaja kuchezea nchi ya wazazi wake, akakabwa dakika tisini kwenye joto la Dar es Salaam, ameshaimba kwa miguu. Mfundisheni maneno taratibu, msimhukumu kwa midomo.

Liko jambo jingine ambalo mashabiki wa mpira husahau. Katika riadha wimbo haupigwi kabla. Unapigwa baada, na kwa mmoja tu: aliyeshinda. Filbert Bayi aliusikia Christchurch mwaka 1974 baada ya kushinda mita 1,500 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola na kuvunja rekodi ya dunia. Yeye na Suleiman Nyambui walipata medali za fedha Moscow mwaka 1980, na fedha hainunui wimbo. Mpaka leo Tanzania haijapata dhahabu ya Olimpiki, kwa hiyo dua yetu haijawahi kupigwa kwenye jukwaa la washindi la Olimpiki. Ndiyo maana tarehe 15 Septemba 2025 ilikuwa kubwa kiasi kile. Alphonce Simbu alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia, Tokyo, kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwenye utepe kwa tofauti ambayo macho hayakuiona, na kuipa nchi dhahabu yake ya kwanza ya mashindano hayo. Wimbo uliofuata ulikuwa umelipiwa kwa kilomita 42.

Katika mpira wimbo tunapewa kwa mkopo, kabla ya jasho. Kwa hiyo kazi yake haiwezi kuwa kusifu. Hakuna cha kusifia bado. Kazi yake ni kumkumbusha aliyevaa jezi ametumwa na nani. Serengeti Girls waliokwenda India mwaka 2022 kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 walikuwa watoto wa mikoani, wengi wao wakitoka kwenye viwanja vya vumbi kama hivi vyetu. Waliifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Canada, wakafika robo fainali. Kwa msichana wa umri ule, kusimama Goa akasikia lahani aliyoiimba kila asubuhi shuleni ni kuambiwa kwamba hakuja peke yake. Hiyo faida haipimiki kwa mabao, na ni sababu tosha ya kuudumisha wimbo kabla ya mechi za taifa, kwa timu zote, za wanawake na wanaume, za vijana na wakubwa, za mpira wa miguu na wa pete.

Tena uimbwe. FIFA iliweka kikomo cha sekunde 90, na huko Brazil mwaka 2014 muziki ulipokatwa wachezaji na mashabiki waliendelea kuuimba bila ala mpaka mwisho, na dunia nzima ikanyamaza kuwasikiliza. Uwanja wa Benjamin Mkapa unaweza kufanya hivyo. Mashabiki waliojaa pale Agosti 2025 wakati wa mashindano ya CHAN walikuwa na sauti ya kutosha. Kinachokosekana ni kuzoeshwa: spika iachie, umati ubebe, na beti zote mbili ziimbwe, ule wa Afrika na ule wa Tanzania. Kumwachia Mungu ubeti mmoja kwa sababu ya ratiba ya matangazo ni kujipunguzia wenyewe.

Hukumu yangu ni hii. Wimbo upigwe kwa uchache na uimbwe kwa wingi. Kwenye mechi za timu za taifa usikosekane kamwe. Kwenye mpira wa klabu ubaki kwa fainali. Mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, yauendeleze kwenye ufunguzi kama yalivyozoea, maana pale waimbaji ni watoto wenyewe. Kwenye bonanza za wanasiasa, sherehe za makampuni na mechi za maveterani, hakuna haja. Wachezaji washikane mikono, mwamuzi apige kipyenga.

Na waandaaji wa Maganzo, Kahama na Geita mnaoona fainali yenu inastahili wimbo wa taifa, utoeni mikononi mwa mshereheshaji. Waiteni wanafunzi thelathini wa shule iliyo jirani na uwanja, wasimame duara la katikati na mwalimu wao wa muziki, waimbe beti zote mbili kwa sauti zao, saa ile ile mliyoitangaza, mgeni rasmi awe amefika au bado yuko njiani.